Katekista Aliyekataa Kopo la Oili

Walisema katekista hawezi lori. Walianza kulisema neno hilo Ijumbi, kwenye baraza za maduka, likapelekwa Muleba na waendesha pikipiki, na lilipofika Bukoba mjini lilikuwa limenenepa: kwamba mtu aliyezoea kufundisha watoto Ishara ya Msalaba atalala na injini ya turbo kwenye kilima cha kwanza, kwamba turbo inataka vijana wa masafa marefu, si mzee wa kigango, kwamba kabla ya mavuno ya pili lori lake litakuwa banda la kuku. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa dereva mmoja wa dagaa, mtu mnene wa vicheko, aliyekuwa akibeba magunia kutoka mwalo wa wavuvi unaotazamana na kisiwa cha Bumbire.

"Yule ataibariki kila gia," alisema, "na bado haitaingia."

Gia ziliingia. Lori lilipanda milima ya barabara ya Muleba miaka mingi na kahawa mgongoni, na mimi ndiye niliyelihudumia. Ninayoyaandika hapa sikuyasikia kwa mtu.

Mimi nami walinisema. Nilipotoka Ijumbi kwenda Dar es Salaam walisema nitarudi na begi la nguo za mtumba. Nilirudi na diploma ya ufundi wa magari na uzoefu wa miaka ya kushusha injini za malori yanayovuka mipaka. Wakasema diploma haishiki spana. Leo gereji yangu iko Kibeta, hapo Bukoba mjini, ina shimo la zege na winchi ya kunyanyulia injini, na diploma iko ukutani ndani ya fremu, juu ya kalenda ya kanisa, mahali ambapo mteja hawezi kukaa asiione. Niliitundika hapo makusudi. Na mteja wa kwanza kukaa chini yake alikuwa yeye, katekista aliyenifundisha sala nikiwa mdogo. Aliisoma yote, mpaka sahihi, akasema, "Sasa tuone kama inajua kushusha giaboksi."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu Uhayani hilo ndilo swali la kwanza mtu anapotajwa, na watu wakishapata jibu wanaacha kusikiliza. Yeye nilimjua kwa kazi zake mbili. Jumapili aliongoza ibada kigangoni padri asipofika. Siku nyingine alibeba kahawa ya chama cha msingi cha wakulima kutoka Ijumbi hadi Bukoba. Kila kazi aliiacha iingie ndani ya nyingine, na hapo ndipo vituko vyake vingi vilipozaliwa.

Injini, kwa mfano, aliihoji kama mtoto wa komunio ya kwanza. Mafundi wengine walichukia. Mimi nilimjibu, kwa sababu majibu ninayo.

"Turbo ni nini?" aliniuliza siku ile ya kwanza, mikono nyuma.

"Ni feni mbili kwenye shafti moja, mzee. Moja inazungushwa na moshi unaotoka, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini."

"Kwa nini hewa isukumwe?"

"Ili injini ichome dizeli zaidi, ipate nguvu ya mlima."

"Na nguvu hiyo inakuja na dhambi gani?"

Nilimwambia inakuja na shinikizo. Hewa kidogo inapenya pembeni mwa pistoni, inashuka tumboni mwa injini, inajichanganya na ukungu wa oili, halafu inatafuta pa kutokea.

"Inatokea wapi?"

"Kwenye bomba la pumzi."

"Umefaulu," akasema, akanipa kahawa za kutafuna kutoka mfuko wa shati. Alitembea nazo daima, zile kavu zilizochemshwa na majani, kama mzee yeyote wa kwetu anayemkaribisha mgeni. Tofauti ni kwamba yeye alizitoa hata kabla ya ugomvi. Ukiona mkono unaingia mfukoni, ulijua ama umependwa ama utasemwa.

Tabia yake iliyojulikana zaidi ilikuwa ya kuzima gari. Injini ya turbo ikitoka mlimani na mzigo haitaki kuzimwa hapo hapo. Inabidi ingurume kidogo ili oili iipoze ile shafti, la sivyo inaungua. Madereva wengi wanalijua hilo na wengi hawana subira. Yeye alitulia kwenye kiti, akatoa rozari, akasali fungu moja, Salamu Maria kumi bila haraka, ndipo akageuza ufunguo. Dereva mmoja Mlutheri aliyependa mpango huo alimwuliza yeye afanyeje, maana kwao hakuna rozari.

"Wewe imba tenzi," Katekista alimjibu. "Lakini imba beti zote, usiruke ubeti wa tatu kama mnavyofanya mkiwa na njaa."

Nimeona turbo nyingi zimekufa. Ya kwake sikuibadilisha hata mara moja.

Msimfanye mtakatifu lakini. Alifundisha uvumilivu kila Jumapili na hakuweza kukaa nyuma ya lori lingine kwa urefu wa shamba moja. Alikataza watoto matusi, na nati iliyokataa kufunguka aliiambia maneno ya Kihaya ambayo sijayasikia tena tangu bibi yangu afariki. Wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, aliegesha lori popote taa zilipowaka, akasahau mzigo na mwenye mzigo. Na alikuwa na kiapo kimoja asichokificha: hatabeba dagaa. Kahawa inanyonya harufu, alisema, na lori likishabeba dagaa, kahawa itakayofuata itanuka ziwa. Kwa sababu ya kiapo hicho yeye na dereva wa dagaa walitaniana kila walipokutana. Mmoja alimwita mwenzake mvuvi wa lami. Mwingine alimwita monsinyori, cheo cha padri mkubwa.

Sasa nije kwenye kopo.

Kuna chombo wanakiita kitenganisha oili. Madereva wetu wanakiita kopo, na kweli ni kopo. Kinafungwa kwenye njia ya bomba la pumzi. Hewa yenye ukungu inaingia, inapita kwenye wavu, oili inabaki chini, hewa inaendelea na safari yake. Mwaka ambao wachuuzi walikuja nalo kutoka Mwanza, kila lori la turbo Bukoba lilitaka kopo. Walisema linaongeza nguvu, linapunguza dizeli, linarefusha maisha ya injini. Mmoja alisema linaondoa hata mlio. Madereva walilifunga mahali linapoonekana, na wengine walilipiga rangi nyekundu.

Nililikataa kama dawa ya kila ugonjwa, na nililikataa nikiwa na elimu. Kuna injini ambazo bomba la pumzi limerudishwa kwenye mdomo wa turbo, na ukungu unaenda kulowesha mabomba na kipoza hewa. Hizo, zikifanya kazi ngumu, kopo linazisaidia. Kuna injini ambazo kiwanda kimeshaweka kitenganishi ndani ya kifuniko cha juu, na pumzi inatoka nje chini ya chasisi. Hizo, zikiwa nzima, hazihitaji kopo la pili, kama mtu aliyevaa koti asivyohitaji kuvaa lingine juu yake. Na kopo lolote lisipomwagwa linajaa, linaziba, pumzi inakosa mlango, na injini inatema sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Nilipokea lori la namna hiyo Kibeta, oili inachuruzika mbele na nyuma, kopo jekundu limejaa uji mweusi. Mwenyewe aliniuliza kwa nini inavuja na kopo analo.

Injini ya Katekista ilikuwa ya aina ile ya pili. Nilimwambia hivyo, na kwake likaisha. Lakini halikuisha.

Kwetu kahawa inaanikwa uani, juu ya mikeka, na lori linaingia kinyumenyume mpaka karibu na mikeka ili watu wasibebe magunia mbali. Msimu ule lori moja, si la kwake, liliachwa likinguruma uani kwa mtu wakati wa kupakia, na bomba lake la pumzi likadondosha oili juu ya mkeka. Kahawa ile ilifungwa magunia pamoja na nyingine. Ilipofika mjini, mnunuzi alitia pua kwenye gunia na kukataa mzigo mzima. Mkulima alilia hadharani, na alikuwa na haki ya kulia. Kamati ya usafirishaji ya chama ikakaa, ikaamua: lori lolote la turbo lisilo na kopo halitabeba kahawa.

Kwa Katekista hiyo ilikuwa ndiyo kazi yote. Bila kahawa ya chama, lori lingekaa, na wale waliosema banda la kuku wangepata banda lao.

Angeweza kufunga kopo. Nilimwambia hivyo mwenyewe, kwamba tufunge tu, halitamdhuru akilimwaga. Mkono uliingia mfukoni. Akanipa kahawa, nikajua.

"Mwanangu, injini yangu inaumwa?"

"Haiumwi."

"Basi unataka niimezeshe dawa ya nani?"

Tulikwenda wote kwenye kikao. Yeye alivaa koti lake la Pasaka. Mimi nilibeba diploma, nikiwa nimeitoa kwenye fremu, na sioni aibu kusema hivyo. Kama karatasi imekugharimu ujana wako, itembeze. Niliwaeleza wajumbe aina mbili za injini polepole mpaka mwenyekiti, mkulima mwenye kusikia kwa shida sikio moja, akageuza kiti kunielekea. Nilipomaliza akasema, "Fundi, tumekuelewa. Lakini sisi hatuwezi kufungua kila injini kutazama ndani. Kopo tunaliona kwa macho."

Hapo Katekista alisimama.

"Mnachokitaka ni kopo au ni kahawa safi?"

"Kahawa safi."

"Basi msitazame kopo. Tazameni kinachotoka."

Alitoa kitambaa cheupe, kipya kutoka dukani, akaomba lori lake lipakiwe hapo hapo. Tulikifunga kwenye mdomo wa bomba la pumzi kwa ulegevu, ili hewa ipite, na mwenyekiti akapanda ndani ya lori pamoja naye. Walikwenda na magunia hadi juu ya mlima mkubwa kuliko yote ya njia ile, wakageuza, wakarudi. Wajumbe walikuwa bado uani. Dereva wa dagaa naye alikuwapo, amekuja kutazama msiba. Alikuwa ameshika chupa ya soda na amechagua mahali pazuri.

Katekista hakushuka mara lori liliposimama. Tulimwona kupitia kioo, midomo inacheza. Mwenyekiti, pembeni yake, alivua kofia akangoja fungu liishe.

Kitambaa kilikuwa na doa moja la manjano, la rangi ya chai hafifu. Mwenyekiti alikinusa, akampa jirani yake, kikazunguka mpaka kikamfikia dereva wa dagaa, ambaye hakuwa mjumbe wa chochote. Alikinusa naye kwa kituo.

"Kinanuka sabuni," akasema.

"Kwa pua yako kila kitu kisicho dagaa ni sabuni," mwenyekiti alimjibu, na kikao kikacheka, na amri ikabadilika siku ile ile. Kila lori, lenye kopo au lisilo na kopo, lingepimwa kwa kitambaa cheupe kabla ya msimu. Malori mawili yenye makopo mekundu yalishindwa kipimo mwaka huo. Wenye malori walininunia mimi badala ya kuzinunia injini zao. Acha waninunie.

Watu walidhani tangu hapo alikuwa adui wa kopo. Siyo. Mwaka uliofuata aliniletea mwenyewe dereva wa mbao ambaye injini yake ilikuwa ya aina ile ya kwanza, mabomba yameloa mpaka kipoza hewa. "Huyu mfungie," akasema, "na umwapishe atalimwaga kila anapobadili oili." Dereva wa mbao alishangaa, akamwuliza kama hakuwa yeye aliyelikataa mbele ya kamati.

"Sikukataa kopo," alisema. "Nilikataa kuambiwa injini yangu inaumwa na watu ambao hawajaisikiliza."

Hilo ndilo neno lake ninalolitumia zaidi gerejini, bila kumtaja. Wateja wanadhani ni la kwangu, na mimi siwasahihishi.

Lakini injini ni chuma, na chuma kinalika. Ukafika msimu ambao tulipima kama kawaida na kitambaa kikarudi kimeloa, cheusi katikati. Nilifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma, na pumzi ikatoka kwa kishindo kama chungu kinachochemka. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha. Tulikuwa wawili tu pale Ijumbi, mbele ya nyumba yake, na kamati ilikuwa bado haijaja. Wa tatu akatokea dereva wa dagaa, aliyepita njiani akasimama kuomba maji ya kunywa. Aliona kitambaa.

"Waitu," alimwambia kwa heshima ya Kihaya, na safari hii hakuwa anacheka, "funga kopo sasa. Oili yote itaishia humo. Unamwaga jioni, asubuhi kitambaa kinatoka cheupe. Nani atajua?"

Alikuwa anasema kweli. Kopo lingemficha msimu mzima, labda miwili. Sikutaka kuwa wa kumwambia mzee wa umri ule ashushe injini wakati kahawa imeiva.

Katekista alikunja kile kitambaa.

"Kopo litashika oili. Ringi zitashikwa na nani?"

Alikipeleka kwa kamati kwa mikono yake, akakitandaza mezani kabla hajaulizwa. Mwenyekiti alimwambia njia ya Ijumbi itabaki yake ikiwa kahawa ya Ijumbi haitachelewa. Ikichelewa, anapewa mwingine, na haitarudi.

Injini haishushwi na kupandishwa kama begi. Slivu za silinda na ringi zilibidi zitoke Mwanza, na kahawa ilikuwa inajaa uani kwa watu. Kilichotokea ndicho ambacho wanaopenda kusema Wahaya tunaringa na hatusaidiani wangepaswa kukiona. Madereva wa kahawa, wale wale waliopimwa kwa kitambaa chake na kumnung'unikia, kila mmoja alimwazima safari. Leo huyu alipita Ijumbi akapakia, kesho yule. Yeye alikaa kwenye kabini ya lori la mwenzake akielekeza uani kwa nani, na kahawa haikuchelewa. Mimi nilifanya kazi mpaka mikono ikakataa kufunga ngumi, na injini ile niliifunga kwa vipimo ambavyo kiwanda kisingevionea aibu.

Na dereva wa dagaa? Gari lake haliwezi kubeba kahawa, harufu imeingia mpaka kwenye mbao. Yeye ndiye aliyelivuta lori bovu kutoka Ijumbi hadi Kibeta, akipiga honi kila kijiji ili watu watoke kumwona monsinyori anavutwa na mvuvi. Katekista, aliyeshika usukani nyuma, alipunga mkono kila kijiji kama askofu. Tena ni yeye aliyekwenda Mwanza kuleta vipuri kwa safari yake mwenyewe, akarudi navyo vimefungwa ndani ya gunia, vinanuka.

Lori lilipopona, kitambaa kilitoka na doa la chai, na Katekista akaanza kulipa. Hakuna aliyemdai. Wengine walikataa waziwazi, wakasema zile zilikuwa msaada. Aliwajibu kwamba msaada wanapewa yatima, yeye aliazimwa. Alifika uani kwa mtu alfajiri, akarudisha lori kinyumenyume mpaka karibu na mikeka, akaanza kupakia mzigo wa mwenzake kabla mwenye mzigo hajavaa viatu. Safari kwa safari, dereva kwa dereva, akamaliza wote wa kahawa.

Nilimkuta mwishoni mwa msimu, mikeka imeshakunjwa na uani kumebaki maganda. Nilikuwa nimekwenda mwaloni kutazama injini ya boti, kwa sababu hata boti zinanihitaji siku hizi. Nikaona lori lake limesimama katikati ya wachuuzi, nyuma liko wazi, na yeye amepanda juu anapokea magunia ya dagaa kwa mikono yake, shati limejaa magamba. Dereva wa dagaa alikuwa chini, anamkabidhi. Gari lake mwenyewe lilikuwa limevunjika springi juzi yake, na mzigo usingeweza kungoja.

"Katekista," alimwita, "hii ni kweli au naota? Harufu hii haitoki, nakuambia. Utaosha mpaka Krismasi."

"Najua."

"Si ungelipa kwa kitu kingine? Ningekubali hata ndizi."

Katekista alilikalisha gunia vizuri, akalipiga kofi ili likae sawa na mengine, akanyoosha mkono apokee linalofuata.

"Nilijua haitoki," alisema. "Ndiyo maana nimekufanya wewe wa mwisho."